Machicha Makavu

Mama yangu alikuwa na mkono wa kulia uliojulikana kuanzia Gerezani hadi Mnazi Mmoja. Harusi ikitangazwa Kariakoo miaka ile ya hamsini, kabla watu hawajamaliza kuulizana bibi harusi ni mtoto wa nani, walikuwa wameshaulizana tui atakamua nani, na jibu lilikuwa mama. Alikaa kwenye kigoda uani, karai mbele yake, kifumbu mkononi, akakamua nazi za shughuli nzima huku akipiga soga na watu kana kwamba anafua leso. Mimi nilikuwa hodari wa vitumbua, nikikaanga kila asubuhi barazani kwetu, lakini kukamua kwangu kulikuwa kwa kawaida tu. Mama alinizidi mbali, na nilipenda kuzidiwa naye.

Kwa asiyekijua, kifumbu ni kifuko kilichosukwa kwa ukindu. Unakijaza nazi iliyokunwa, unafunga mdomo wake kwa kiganja, unasokota na kuminya. Tui linatoka kwenye vitundu, machicha yanabaki ndani. Kazi yote ni ya kifundo cha mkono. Anayekamua kwa ajili ya familia yake hachoki. Anayekamua kwa ajili ya mtaa mzima, miaka nenda miaka rudi, huyo anakula mkono wake mwenyewe bila kujua.

Mtaani kwetu kulikuwa na desturi mbili za shughuli. Ya kwanza: aliyetoa tui ndiye aliyeshika mwiko. Yeye ndiye mpishi mkuu, yeye aliamua chumvi na moto, na wengine wote walikuwa wasaidizi wake, hata kama walimzidi umri. Ya pili: kabla tui halijamiminwa sufuriani, mwanamke wa upande wa bwana harusi alikuwa na haki ya kuchota konzi ya machicha, kuyaminya mbele za watu, kisha kufungua kiganja. Kiganja kikilowa, mkamuaji amefedheheka, maana nusu ya nazi za watu ameitupa. Mama alijaribiwa hivyo katika harusi zisizo na idadi na hakuna aliyewahi kufungua kiganja chenye maji.

Kisha mkono ukakataa. Kidole gumba kilianza kuamka kigumu asubuhi, kifundo kikavimba, mpaka siku moja kifumbu kikamponyoka, kikaanguka karaini na tui likamrukia usoni. Mama alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona alivyouficha mkono haraka chini ya kanga. Hospitali walimwambia begani hana tatizo, kiwiko hakina tatizo, kilichoharibika ni kifundo; asikamue tena kitu chochote, hata nguo. Mwiko angeweza kuushika, kwani mwiko wa sufuria kubwa hushikwa kwa mikono miwili na nguvu yake hutoka begani. Lakini nani angempa mwiko mtu asiye na tui?

Habari zile tulizifanya siri, na kumbe tayari mama alikuwa ameshakubali harusi ya binti wa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ilikuwa harusi kubwa, ya wali wa nazi kwa wageni wa mitaa mingi. Siri za Kariakoo hazidumu. Haikupita wiki, shangazi wa bwana harusi akaja kututembelea na kisahani cha halua.

Huyu shangazi na mama walijifunza upishi kwa bibi mmoja. Waliitana shoga tangu usichana na walishindana tangu usichana, na mara zote mama alishinda. Alikaa mkekani, akamwangalia mama anavyomimina kahawa kwa mkono wa kushoto, na macho yake yakang'aa.

"Shoga yangu," alisema, "ujitese kwa nini? Wasichana wangu wa Ilala wapo, mikono yao bado mibichi. Tui nitaleta mimi. Safari hii wewe kaa mkekani na wageni wenzio, tukuletee sinia."

Wageni wenzio! Mama yangu awe mgeni kwenye harusi ya Kariakoo! Nilitamani kumrudishia halua yake usoni.

"Siku bado, shoga," mama akamjibu kwa upole. "Tutaona Mungu atakavyopenda."

Mgeni alipotoka nikaipiga teke sufuria iliyokuwa mlangoni mwa jiko. Ilikuwa sufuria nzito. Mama akaniuliza kama nimeumia, nikasema sijaumia, nikaenda kuchechemea nyuma ya banda nisionekane. Nilikuwa na hasira za karibu siku zile, na sasa hivi ninavyoandika sijui kama zimekwenda mbali sana. Kilichoniuma kuliko kidole ni kwamba mama hakukasirika. Alikuwa ameanza kukubali.

Kelele za sufuria ndizo zilizomtoa chumbani mpangaji wetu. Alikuwa fundi wa mashine katika karakana moja ya Gerezani, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye sauti ya kupiga kelele hata akikuomba chumvi, kwa sababu mchana kutwa alizungumza kushindana na vyuma. Jumapili alivaa suti ya kijivu akaenda kanisani. Siku nyingine jioni alikula kwetu, na wali wa mama ulikuwa umeshamharibu kabisa, hata ndizi za kwao alikuwa hazitaji tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Dada, umepigana na sufuria? Nani kashinda?"

Nilimweleza yote kwa maneno ambayo mama alinikataza katikati. Fundi alisikiliza, akakuna shingo, akasema kule Uhindini, mtaa wa Wahindi, kuna dobi aliyenunua mashine mpya ya umeme ya kukausha nguo, na ile ya zamani ya mkono ameitupa uani, kuku wanatagia ndani yake. Ni pipa la shaba lenye matundu, limesimama ndani ya pipa jingine la chuma. Unatia nguo mbichi, unazungusha mkono wa pembeni, meno ya gia yanaligeuza pipa kwa kasi mpaka maji yanaruka nje kupitia matunduni, na nguo zinabaki zimebanana ukutani.

"Maji yanatoka, nguo inabaki," alisema. "Tui litatoka, machicha yatabaki. Kitu ni kilekile."

"Nguo hailiwi," nikamwambia.

"Tutaiosha!"

Alimtengenezea dobi pasi zake zilizoharibika, akapewa lile pipa, akalileta kwa mkokoteni na watoto wa mtaa wakifuata nyuma kama wanaona harusi. Nililisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu, kwa majivu tena. Kisha fundi akalipeleka kwa wapaka bati wa sokoni, wale waliokuwa wakitengeneza masufuria ya shaba yaliyochakaa, wakalipaka bati jipya ndani na nje. Liliporudi linameta, mama alilizunguka mara mbili. Halafu akaligonga kwa kidole.

"Zuri," akasema. "Sasa lifanye kazi."

Tulikuna nazi, nazi nzuri za Kigamboni zilizovushwa kwa pantoni Magogoni siku ileile. Tukachukua kifumbu kikubwa kuliko vyote cha mama, tukakijaza mpaka juu, tukakifunga mdomo kwa kamba, tukakilaza ndani ya pipa. Hatukufikiria njia nyingine. Nazi hukamuliwa ndani ya kifumbu kilichojaa. Ndivyo sisi tulivyokua tukiona, na fundi naye alitusikiliza sisi kwa sababu nazi aliikuta pwani. Akafunika, akashika mkono wa mashine, akazungusha.

Mwanzoni ilinguruma vizuri. Kisha ikaanza kutikisika. Kisha, Mungu ni shahidi yangu, ikaondoka. Ilivuka uani ikirukaruka, fundi akiifuata mkono hajauachia, ikagonga mtungi wa maji ukapasuka, ikasimama kwenye kamba ya nguo. Kifuniko kilifunguka na tui likaruka likamwagika kwenye suti ya kijivu ya Jumapili iliyokuwa imeanikwa pale. Mama alichovya kidole kwenye kola ya suti, akaonja, akatema.

"Sabuni," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi hakucheka hata kidogo.

Sabuni ilitoka tulipochemsha maji ya ndimu ndani ya pipa mara kadhaa. Kutikisika ndiko kulikokuwa na ukaidi. Fundi aliamua mashine ifungwe kwa boli kwenye sakafu ya saruji, isipate pa kwenda. Tulipozungusha, kweli haikwenda popote, ila sakafu ilipasuka kuanzia boli moja hadi nyingine na jino moja la gia likakatika. Mama alitazama ufa ule kwa muda. Sakafu ile ilimwagwa na marehemu baba yangu kwa mikono yake.

"Wanangu," alisema, "mkono wangu umeshaharibika. Nyumba yangu iacheni."

Usiku ule fundi hakula. Jioni iliyofuata alitoka kazini na jino jipya la gia mfukoni na fungu la vipande vya tairi, vile vinavyokatwa kutengenezea viatu vya makatambuga pale sokoni. Aliniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba alikosea. Behewa la treni halikai juu ya chuma kitupu, linakaa juu ya springi, la sivyo lingevunja reli. Mashine inataka kucheza. Basi ipewe nafasi ya kucheza kidogo. Akaisimamisha juu ya vipande vya tairi vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, na kweli, safari hii ilitikisika bila kutembea na bila kupasua kitu.

Lakini bado ilitikisika, na hatukuthubutu kuiongeza kasi. Bila kasi tui lilitoka kidogo tu. Tulikiacha kifumbu, tukajaribu kitambaa cha pamba cha marekani. Mafuta ya nazi yakaziba nyuzi zake na tui likagoma kabisa. Tukajaribu bila kitambaa. Machicha yakapita matunduni pamoja na tui, tukapata uji. Kila jioni jirani mmoja alipita kwetu kwa kisingizio cha kuomba moto, na kila asubuhi barazani kwangu wateja wa vitumbua waliniuliza mashine imefika wapi. Mmoja aliniuliza kama imefika Pugu. Nilimpa kitumbua kilichoungua.

Harusi ilikuwa imekaribia sana. Jioni moja nilikuwa nimekaa karibu na mashine, ungo wa nazi iliyokunwa mapajani, nikingoja. Fundi alikuwa amepaka grisi mhimili, anauzungusha mtupu kusikiliza kama umelainika. Pipa tupu lilikuwa halitikisiki kabisa, linapiga mluzi tu. Nikamwambia tutie nazi. Akaniambia ningoje. Nikasogea nichungulie. Akasema, "Dada, kaa mbali, hii siyo sufuria ya vitumbua. Na kifuniko kisifunuliwe ikizunguka, nimeshasema."

Siyo sufuria ya vitumbua! Mtu aliyeshindwa kukamua hata nazi moja! Damu ilinipanda kichwani. Nilisimama, nikafunua kifuniko huku inazunguka, nikachota nazi kwenye ungo kwa konzi, nikaitupa ndani.

"Basi kula!" nikaipigia kelele mashine. Nikatupa konzi nyingine. "Kula!"

Fundi aliruka nyuma akijikinga uso. Nami nilijikunja nikisubiri tui lituvae. Hakuna kilichotokea. Pipa liliendelea kupiga mluzi wake uleule, limetulia tuli. Tulichungulia wote wawili: nazi ilikuwa imejipanga yenyewe kwenye ukuta wa pipa, duara zima, nyembamba, sawasawa, kama mtu amepaka chokaa. Na kule chini, kwenye mdomo wa pipa la nje, tui lilikuwa linachirizika.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa.

"Usiache kuzungusha," alimwambia fundi. "Na wewe, mwaga tena. Acha kutupa kama unafukuza mbwa. Mwaga kidogokidogo, kama unavyopeta mchele."

Nikamwaga kidogokidogo. Duara likanenepa na mashine haikutikisika. Hapo tukaona kosa letu lote lilipokuwa: tulikuwa tunailazimisha ibebe mzigo uliofungwa upande mmoja, kwa sababu tu mikono yetu imezoea kifumbu kilichojaa. Mashine haikuhitaji tuifungie mzigo. Ilihitaji kupewa polepole ikiwa mbioni, ijipangie yenyewe. Fundi alinitazama, kisha akacheka kicheko cha kutikisa mabati.

"Hasira zako, dada," alisema, "ziwekwe karakana!"

Lilibaki jambo la machicha kupita matunduni, na hapo mama alisema dawa yake ni kifumbu tu, ila kisiwe kifuko. Alitaka kifumbu kisicho na kitako wala cha kufunga mdomo, kipana kama pipa, kivae ukuta wa ndani wote kama mkoba unavyovaa bitana. Ukindu haunywi mafuta kama kitambaa, wala hauzibi. Kilichobaki ni nani akisuke. Mkono wa mama haukuweza tena kubana ukindu, na mimi, ninasema bila kupepesa, sikuwahi kujifunza kusuka vizuri kwa sababu mama alikuwepo daima.

Basi nilijifunza. Mama hakuwa mwalimu mpole. Alikaa nyuma yangu na kidole cha mkono wa kushoto, akikiweka palipokosewa, na palipokosewa palikuwa pengi. Nilisuka nikafumua, nikasuka nikafumua. Niliutukana ukindu na aliyeupanda. Mara moja nilitaka kuukata kwa kisu, na mama akaniwekea mkono wake wa kulia juu ya wangu, ule mkono wenyewe uliovimba, wa moto kama mkate. Nililia kidogo, nikaendelea kusuka. Nilitaka mama yangu ashike mwiko siku ile. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Kifumbu kile kipya kilipovaa ndani ya pipa, kilikaa kama kimezaliwa humo. Tulizungusha, tukamwaga, tui likatoka jeupe zito, halina hata chembe. Mama akachota machicha, akayaminya kwa mkono wa kushoto. Yalilowa kidogo. Akatikisa kichwa. Tukapunguza unene wa tabaka, fundi akaongeza mwendo, tukanyunyizia maji ya vuguvugu katikati ya mzunguko ili kulitoa tui la pili. Mama akaminya tena, akafungua kiganja, akakitazama muda mrefu.

"Twendeni harusini," akasema.

Siku ya harusi mashine ilibebwa kwa mkokoteni nyumba tatu tu, lakini mtaa mzima ulitoka kuiangalia. Uani kwa bibi harusi palikuwa pa wanawake, na fundi hakuweza kuingia. Alisimama nyuma ya ua wa makuti, kichwa chake kimetokeza juu, mpaka akina mama wakamzomea akainama. Shangazi wa bwana harusi alikuwa ameshafika. Wasichana wake wa Ilala walikaa mstari mmoja kwenye vigoda, vifumbu mikononi, na mwiko mkubwa yeye mwenyewe alikuwa ameuegemeza ukutani karibu yake.

"Shoga, umekuja na treni?" aliuliza. Uani wakacheka.

"Nimekuja na tui," mama akajibu.

Nilishika mkono wa mashine. Mama alikaa kwenye kigoda chake, ungo mapajani. Kumwaga hakuhitaji nguvu, kunahitaji mtu anayeijua nazi, na mkono wa kushoto ulitosha. Nilianza kuzungusha.

"Polepole mwanzo!" sauti ikatoka nyuma ya ua.

"Najua!" nikajibu.

"Sasa kaza!"

"Nimekwambia najua!"

Pipa likaanza mluzi wake. Mama akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga. Alimwaga kwa mwendo mmoja, bila pupa, akizungumza na jirani yake kuhusu bei ya mchele kama zamani, na tui likaanza kutoka kwenye mdomo wa pipa. Lilianza kwa uzi, likawa mkondo. Karai likajaa, tukaweka jingine. Vicheko viliisha. Wasichana wa Ilala waliacha vifumbu vyao wakasogea, shingo zimerefuka. Bega langu liliwaka moto lakini nisingeacha kuzungusha hata kama nyumba ingewaka.

Tulipomaliza nazi zote na pipa likasimama, shangazi alisimama pia.

"Tui la chuma," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Litakuwa limeacha nusu ndani. Na tulionje kwanza, nasikia lilitokea kwa dobi."

Alichovya kidole, akaonja. Nilimtazama usoni nikisubiri atafute sabuni. Alionja mara ya pili, na mara ya pili mtu haonji kitu kibaya. Akakunja kanga yake, akaja mpaka kwenye mashine, akaingiza mkono akachota konzi ya machicha, konzi iliyojaa hasa, akaiinua watu waione.

Aliminya. Mishipa ya mkono ikamtoka. Akaleta mkono wa pili juu ya wa kwanza, akaminya kwa yote miwili, kichwa kimeinama, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kisha akafungua viganja.

Machicha yaliachana yenyewe, makavu, mepesi kama unga wa msumeno. Upepo mdogo ukapita uani ukayapeperusha, yakatua kwenye kanga yake, na viganja vyake vilikuwa vikavu.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwangu, sikuona haya. Kisha uani kote kukalipuka, vigelegele vikapaa juu ya makuti, na nyuma ya ua fundi alikuwa anapiga kelele, "Imekuwaje? Semeni basi, imekuwaje?" na hakuna aliyemjibu kwa sababu hakuna aliyeweza kusikika. Nilimkumbatia mama na ungo wake.

Shangazi alikung'uta kanga. Alikwenda ukutani, akauchukua ule mwiko, akauleta akiwa ameushika kwa mikono miwili kama mtu anavyomshika mtoto mchanga, akamkabidhi mama.

"Wako," alisema.

Mama akaupokea kwa mikono miwili, akasogea kwenye moto, akaagiza tui limiminwe, na sauti yake ilikuwa ileile ya zamani ya kuamrisha sufuria na watu. Wasichana wa Ilala walikuwa wa kwanza kukimbia kuleta kuni. Mimi nilibaki nimesimama kando yake, bega limekufa ganzi, ninacheka peke yangu.

Wali ulipoanza kutokota, shangazi alikuja akasimama karibu na mama, karibu sana, ili asisikike na wengine. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa sitaki kuondoka pale. Aliutoa mkono wake wa kulia chini ya kanga, akaufungua polepole. Kidole gumba chake hakikunyooka.

"Tangu Ramadhani, shoga," alinong'ona. "Sijamwambia mtu."

Mama aliutazama mkono ule. Aliuacha mwiko kidogo, akaushika, akapitisha kidole juu ya kifundo chake taratibu, mahali hasa alipokuwa akipapasa pa kwake kila alfajiri.

"Lete nazi zako," mama akamwambia, akageuka kuongeza chumvi.